Bipu ya Tatu

Mweso, Jumamosi, siku ya posho

Dada Estelle mupendwa,

Nakusalimia wewe na wote wa nyumba ya mama huko Buleusa. Munaamka namuna gani? Mihogo imekubali? Sisi huku bado tunapumua, mvua inatupiga kila siku, lakini maharagi imeshika vizuri. Na Gaëlle wetu, muguu yake inakanyaga chini sasa? Umuambie mama yake mudogo anamuwaza kila asubui.

Mama Colette, ule muuza ndizi, aliniambia ya kama mutoto anatembea na fimbo moja tu, tena anatukana kuku zikimupita mbele. Nilicheka mpaka nikalia.

Dada, najua tangu murudie huko hautaki kusikia jina ya Léonard. Lakini iko bwana yangu, lazima nikuambie habari yake. Tangu alimugonga mutoto wako mu kona ya masomo, pale mbele ya shule, roho yake haijatulia. Pikipiki anaendesha kwa sababu njo inatulisha, lakini simu anaizima, anaiweka chini ya kiti, hata nani amutafute. Asubui, mbele ya kutafuta abiria, anasimama pale mu kona na kandambili zake, ananyoosha mikono, anasimamisha pikipiki na makamiyo mpaka watoto wote wavuke. Wamotari wenzake wanamuita Komanda wa Watoto. Anacheka nao, kisha anarudia kuangalia barabara.

Mulipokuwa bado huku alikuja kwako mara mbili kuomba samaha, ukamurudisha mulangoni. Uko na haki. Mutoto anatembea pembeni kabisa, na begi yake ku mugongo, pikipiki inamufuata mpaka mu nyasi. Mama gani atasamehe mbio mbio?

Mbele ya chefu wa kartiye, mukubwa wa mutaa wetu, Léonard alisema tu ya kama aliangalia simu, na kosa iko yake. Walipomuuliza nani alikuwa anamutafuta, alinyamaza. Ukasema mbele ya wote ya kama bila shaka iko mwanamuke wa inje. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yako, nimeshika mukono yako. Na mimi pia nilinyamaza.

Dada, ule mwanamuke iko mimi.

Unajua namuna tulikimbia vita mara ngapi. Njo maana mu nyumba yetu tulipatana namuna ya kubipa, simu inalia kidogo tu na unaikata: bipu moja iko salamu, mbili iko nipigie, tatu iko hatari, watu wanakimbia, kuja utuchukue. Siku ile chumvi iliniishia na chungu iko ku moto. Nilimubipa mara moja, kimya. Mara ya pili, kimya. Nikakasirika, nikabipa ya tatu. Kwa chumvi, dada. Yeye alizani vita imefika. Alitoa simu mu mufuko palepale mu kona, na watoto walikuwa wanatoka masomo.

Magaribi ile nilitaka kuja kukuambia. Léonard alinikataza. Aliniambia ya kama yeye iko mukwe tu, mukimuchukia atavumilia, lakini mimi niko na dada mumoja. Nilikubali kwa sababu ya woga. Sasa miezi ine yeye njo anakonda, na mimi nakula.

Nisamehe kama unaweza. Kosa ya kushika simu akiendesha iko yake, hata yeye mwenyewe hakatai. Lakini mwanamuke wa inje hana, na aibu ile usimubebeshe tena.

Hajui ya kama ninaandika. Jumapili ijayo, siku ya yenga, anakuja huko kuona mutoto. Nakuomba umufungulie mulango, umupatie kiti, hata kama hautamusemesha. Mimi nitabaki Mweso mpaka wewe mwenyewe uniite. Usiponiita, nitajua iko haki.

Umukumbatie mama. Gaëlle umubusu ku paji ya uso, lakini usimuambie imetoka kwangu mbele hujamuambia yote.

Mungu awalinde mu njia zote munapita.

Mimi mudogo wako, mwenye alibipa,

Astrid