Nguo za Mtoto Zirudi Kabatini

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Mmiminie baba yako, bado amepigwa na butwaa. ~~Fungasha nguo za mtoto uondoke naye jioni.~~ Nguo zake zirudishe kabatini.

Nimempeleka mtoto na mama yake, wifi yako, hospitali akaangaliwe koo, hajambo. Asubuhi mimi na baba yako tulikaa hapa mezani, mtoto miguuni petu, tukisema wifi yako hasikii, heri mtoto akalelewe kwako. Kumbe kifungo cha nguo kimemkaba kooni, na aliyekabwa halii. Masikio yetu manne hayakuambulia kitu. Wifi yako alikuwa uani anafua, mlango uko wazi. Akatupa nguo, akaingia mbio, akampiga mgongoni, kikatoka.

Nikamuuliza kwa ishara amejuaje. Akanishangaa, akajibu kwa ishara:

"Nilikuwa namtazama."

Mama