Mlango Unasema Nina Dada

Kichuguuni, Rukala
Jumanne

Kwa dada Mercyline,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako Egesa. Natumaini wewe na mtoto hamjambo huko Malaba. Mimi ni mzima, ila nimekonda, na upweke umenizidi hadi kila asubuhi nawaamkua vyura.

Mto Nzoia ulipofurika, watu wote wa boma walipanda mashua wakaenda kambini. Walinisihi, nikakataa. Kaburi la mama halina saruji wala msalaba, na tope limesawazisha shamba lote. Ni mimi peke yangu ninayejua alipolala. Mtoto wako amerithi jina lake, na kwa desturi ya nyumba yetu lazima aletwe aonyeshwe kaburi. Nikiondoka, ataonyeshwa nini?

Basi nikabaki juu ya kichuguu. Siku ya nne unga uliisha, na mto ukanisemesha kwa Kinyala safi, lugha yetu ya nyumbani, kama shangazi aliyekuja kukopa chumvi. Ukasema utanipa kambare mmoja kila siku, nami niupe kumbukumbu moja. Nilicheka. Kuna mlango wa nyumba ya mtu ulioelea hadi hapa, na kila nilichotoa nilikiandika kwanza juu yake kwa makaa. Cha kwanza kuandikwa ni jedwali la kuzidisha kwa saba, lililoniletea viboko shuleni. Cha pili ni ugomvi wangu na jirani Omuse juu ya ng'ombe. Nikala, nikashiba, nikajiona mjanja kweli. Lakini njaa haina adabu. Zikaenda nyimbo za kanisani. Akaenda baba, mlango unasema alikuwa mcheshi.

Mwishowe nikabakiwa na mawili tu: mahali alipolala mama, na wewe. Siku tatu nikagoma, sikula. Jana mchana sikuweza tena kusimama. Dada, nisamehe. Nilikutoa wewe.

Jina lako na habari za mtoto nimezisoma mlangoni. Imeandikwa pia kwamba ulinivusha maji mgongoni nilipougua surua. Nimeisoma mara nyingi, na machozi hayaji. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Leo asubuhi Odeke, mwenye mashua, amefika na unga wa msaada. Laiti angefika jana! Ndiye atakayekuletea barua hii. Maji yakishuka mlete mtoto, kaburi nitamwonyesha. Nami nikikukaribisha kama mgeni, usiudhike. Keti, unisimulie ile ya surua, polepole.

Nisalimie wote wanaonikumbuka.

Ni mimi mdogo wako, kama mlango unavyosema,
Egesa