Kizibo cha Nahodha

Jumanne, 4 Machi

Likizo imekubaliwa. Ileile niliyoomba mwaka jana, tukiwa wawili. Bosi kanifuata nyuma, kwenye mashine ya kusagia lenzi za miwani, akaniuliza kwa sauti ya wodini kama bado naitaka. Nikasema ndiyo. Ningesema hapana ingekuwa vilevile.

Nahodha ni jina nililompa mume wangu siku aliyoleta boti nyumbani imefungwa kwenye trela. Dereva wa lori la mikate, nahodha wa bwawa! Maana bwawani ndiko tulikoishia miaka yote. Maji ya chumvi hajawahi kuyaelea hata siku moja. Mwaka huu ndiyo ilikuwa twende: wiki nzima baharini, kuvua samaki na kuzamia kamba koche, wale kamba wakubwa wa miambani, na boti yetu wenyewe, bila kumnyenyekea mtu.

Mwezi wa kwanza moyo wake ulisimama akiwa kwenye usukani. Lori lilikuwa limeshaegeshwa. Waliokuja kuniambia walisema mikate haikupondeka hata mmoja. Mpaka leo ndilo neno ninalolikumbuka.

Sijalia. Si kwenye mazishi, si baada ya mazishi.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji kaja, mdogo wake Nahodha. Fundi wa injini, sauti juu, mikono haitulii. Anasema safari isife, marehemu angependa, yeye ataendesha. Binti akadakia kabla sijafungua mdomo: twende, mama. Nimeona alivyokula leo. Alirudia sahani.

Nikasema sawa.

Wanadhani nimekubali kwa ajili yao. Hapa naweza kusema kweli: nakwenda nikaone kama nitahisi kitu. Watu wananisifu nimejikaza. Anayejikaza ana kitu anachokizuia. Mimi nimekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa. Na kama hata huko sitahisi chochote, basi sijui. Nitakuwa mtu wa kusaga lenzi na kurudi nyumbani.

Jumapili, 9 Machi

Boti imetolewa turubai. Ndani majani yaliyolowa mvua, na kandambili yake moja. Binti kaiokota akaiweka juani ikauke.

Shemeji alishinda chini ya trela akipaka grisi beringi za magurudumu. Anasema chumvi haina adabu. Kila jioni tukitoka baharini injini lazima inyweshwe maji baridi la sivyo italiwa. Kwake boti ni injini iliyobebwa na plastiki. Akapiga teke ubavuni, akasema mengine yote ni mapambo.

Nikakumbuka kizibo.

Nyuma ya boti, chini kabisa, kuna tundu la kutolea maji. Boti ikiwa nchi kavu kizibo kinatolewa, mvua isituame ndani. Ikirudi majini kinafungwa. Jambo dogo kama hilo! Siku ya kwanza kabisa bwawani Nahodha alisahau. Alikuwa amewaalika wazazi wangu. Mama alisimama ndani ya boti, maji yanampanda magotini, mkoba kichwani, akauliza kama ndivyo zinavyokwenda. Tangu siku hiyo kizibo kinakaa kwangu, mfuko mdogo wa zipu kwenye mkoba, pamoja na pipi za kifua. Na Nahodha hakushusha boti tena bila kusimama ukingoni, kuteremsha kioo cha gari na kuuliza: "Kizibo?"

"Ninacho."

Hapo ndipo anashuka kukifunga. Miaka yote hiyo. Hata siku nimenuna, hata siku hatusemeshani tangu asubuhi — kizibo? ninacho. Siku nyingine ndiyo ilikuwa maongezi yetu yote.

Jumatano, 12 Machi

Kazini. Bosi katoa boksi kabatini, kaliweka mbele yangu, kaenda zake. Miwani ya kuzamia ya Nahodha! Niliisahau kabisa. Alikuwa haoni mbali, bila miwani anasalimia nguzo. Nikamwambia utazamia ukakamate jiwe. Basi nikamsagia lenzi za namba zake, tuzigandishe ndani ya kioo cha miwani ile. Moja nilishaigandisha. Ya pili ilibaki haijapigwa msasa.

Nikaimalizia. Sijui kwa nini. Mkono ulijua kazi. Mteja mmoja mzee akachungulia dirishani, akasema mwenye hii miwani ataona vizuri.

Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 15 Machi

Mkutano wa safari, meza ya kulia chakula. Shemeji katandaza ramani ya pwani juu ya mabaki ya chakula. Kajaa mipango: asubuhi samaki, mchana kupumzika, koche waachwe. Anasema kuzamia ni kazi ya wenye mapafu, na kibali cha koche ni usumbufu.

Nikasema Nahodha alitaka koche. Ndiyo ilikuwa safari yenyewe.

Shemeji akacheka, hata hakuinua macho kwenye ramani: "Aah, shem, asiyekuwepo na lake halipo!"

Methali ilimtoka tu, mtu anavyosema akigawa nyama na mwenzake kachelewa. Kisha akaisikia mwenyewe. Nilimwona akiisikia. Akaweka kijiko chini, akasema nisamehe, shemeji, nisamehe, ulimi wangu huu. Machozi yakamjaa. Binti naye akaanza kulia, wakashikana mikono juu ya ramani. Mimi nikaondoa sahani. Zilikuwa chafu.

Nilipooga ndipo nikawaza: yeye kaomba msamaha, mimi nimeombwa, na sina cha kusamehe wala cha kukasirikia. Mkono mtupu.

Basi koche wamerudi kwenye mpango.

Jumatatu, 17 Machi

Binti anataka kujua koche anakamatwaje. Nikamweleza. Anajificha chini ya mwamba, masharubu nje. Unapitisha kijiti taratibu nyuma yake, unamgusagusa mkia, anadhani anafukuzwa, anatoka mbele. Hapo unautega wavu nyuma yake. Ukimshtua anarudi kinyumenyume, anaingia mwenyewe.

Akauliza nimejulia wapi.

Nimejulia chini ya kitanda! Baba yako alilala kifudifudi sakafuni, kijiti mkononi, anachokonoa kandambili. Upande wa pili mimi naisukuma na ufagio, ikimbie. Mimi ndiye koche. Alikosa kila mara. Akaniambia koche wa baharini hawana ujanja kama wangu.

Binti kacheka mpaka kajishika mbavu. Akanitazama, akaacha. Akaniuliza: "Mama, wewe huchoki kuwa hivyo?"

Nikamwambia kalale.

Alhamisi, 20 Machi

Nimefungasha. Glavu, nyavu, maboya ya kuvaa, kamba, dawa ya kichefuchefu. Kipimo cha koche alichokichonga Nahodha kutoka kwenye mwiko wangu mzuri: akiwa mdogo kuliko hapa, rudisha. Jike mwenye mayai, rudisha. Nilimgombeza sana kwa ule mwiko.

Nimejaribu miwani ya kuzamia mbele ya kioo cha bafuni. Sikujiona. Ukungu tu wenye nywele. Nikakaa nayo hivyo kwa muda.

Jumamosi, 22 Machi

Tumefika. Chumba cha chini, vitanda vitatu, pazia halifiki mwisho wa dirisha, bafuni mchanga wa watu wengine. Njiani shemeji aliimba. Binti alikuwa akigeuka kila mara kuhakikisha boti bado inatufuata.

Bahari ipo. Kubwa. Nilisimama mbele yake nikasubiri. Upepo ulinipiga, nikavaa sweta.

Nimejiambia ni uchovu. Kesho, boti ikishaingia majini.

Jumapili, 23 Machi

Naandika garini, mlango wazi, daftari kwenye goti. Boti imeshashuka. Ipo pale chini, karibu na ngazi za zege, binti kashika kamba, shemeji yumo ndani anapanga fimbo za kuvulia. Maji ya kiunoni tu hapo. Wamenambia nipumzike wataniita.

Nataka kuandika jambo moja kabla sijalisahau. Shemeji alipokuwa anarudisha trela nyuma, alisimama ukingoni. Palepale, magurudumu ya nyuma yakigusa maji. Akateremsha kioo. Nikageuka kumtazama. Mwili mzima ulikuwa unasubiri, sijui kitu gani, mpaka mdomo ulishafunguka. Akatema ganda la karanga nje, akaendelea kurudi nyuma.

Nikafunga mdomo. Nikajiona mjinga kidogo. Nilikuwa nasubiri ni

Wanapiga kelele.

Binti anasema maji. Maji ndani! Shemeji anasema haiwezekani, nimekagua kila kitu, injini ni nzima. Anainua viti, anatafuta ufa. Fimbo zinaelea. Binti anakimbia huku, miguu inateleza: "Mama! Boti inajaa! Baba mdogo anauliza kama kuna ndoo!"

Ndoo.

Mkoba nimeupakata. Zipu nimeshaifungua. Kipo, kati ya pipi, kizito kuliko ukubwa wake. Natakiwa nishuke. Nikikimbia nitawahi. Badala yake naandika, na mwandiko unaharibika, mkono huu usiotetemeka kwenye lenzi.

Kila mtu anauliza mengine. Ndoo. Ufa. Mama unaumwa? Binti anasema mama mbona hivyo, mama una nini usoni.

Ninacho. Nimesema kwa sauti, binti hajaelewa. Ninacho, ninacho. Hakuna aliyeuliza — hakuna tena wa kuuliza — Nahodha, niulize, boti inazama, niulize hata mara