Watu Halisi wa Lauksoo

Lauksoo,
2 Julai 2012

Mdogo wangu Endel,

Pokea salamu zangu za kiangazi, na wifi Pirkko umfikishie zake kabla hujazisahau mfukoni kama kawaida yako. Natumai goti lako limepoa na usingizi umerudi. Mimi dada yako ni mzima kwa kiasi cha mtu wa miaka sitini na tisa. Nyonga niliyovunjika inatabiri mvua kuliko redio, viazi vimetoa maua, na paka wa kijivu amezaa tena ndani ya kikapu cha sufu nilichokuwa nimemficha. Habari njema ni hizo tu, nimezimaliza.

Barua yako ya mwezi wa tano niliipata. Uliniomba nikuandikie historia ya mji wetu na hesabu ya watu wake, ili uisome mbele ya chama chenu cha Waestonia huko Turku, Ufini, kwa kuwa mwaka huu Lauksoo inatimiza miaka mia tano tangu jina lake liandikwe kwenye karatasi. Ukasisitiza niandike juu ya "watu wetu halisi tu", wale wa kiwandani niwaache. Halafu mwishoni, kama mtu anayetaja hali ya hewa, ukaniarifu kwamba utakuja Siku ya Makaburi, Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, pamoja na fundi wa mawe. Fundi apime jiwe la mama, kwa sababu daktari amekuonya juu ya moyo wako, na unataka jina lako lichongwe chini ya la mama, maana nafasi ya kando yake ni yako. Nimekaa na barua hiyo wiki saba. Sikuwa na kazi nyingi, nilikuwa na hasira nyingi.

Haya, tuanze na historia. Nilikuwa mkutubi wa mji huu miaka thelathini na minne, na majira ya baridi yaliyopita nilizunguka nyumba kwa nyumba kama karani wa sensa. Wanaoweza kunisahihisha wengi wao wamelala chini ya misonobari ya makaburini.

Aliyetuandika kwanza alikuwa bwana wa Kijerumani, na alituandika baada ya mifugo. Karatasi inasema ng'ombe kumi na wanane, farasi saba, wanaume wa Lauksoo ishirini na sita. Wanawake hawakuhesabiwa. Wasomee hiyo wakinywa kahawa. Miaka mia mbili baadaye tauni ikapita, wakabaki watu wanane, na mji ukajazwa upya na watu waliotoka kila upande, Walatvia, Wafini, na Warusi waliomkimbia mfalme wao. Babu wa babu wa babu yetu, yule unayependa kumtaja ukishakunywa, alikuja na hao. Kitabu cha kanisa kinamwita "mtu mgeni, hana shamba". Nimekipitia mara tatu nikitafuta neno zuri zaidi, sikuliona.

Kisha zikaja reli na kitani, na mwaka 1934 tulikuwa watu elfu moja mia nne na themanini. Mwoka mikate alikuwa Mjerumani, na vifungo na vitambaa tulinunua kwa akina Gurevitsh, Wayahudi waliokaa pembeni ya kanisa. Wajerumani wakaondoka kwa meli mwaka 1939. Akina Gurevitsh wakauawa miaka miwili baadaye, vita vilipotufikia, na waliowatoa nyumbani kwao hawakutoka mbali. Mama aliyaona mashuka yao yameanikwa kwenye kamba za watu wetu halisi. Hilo usiliruke ukisoma, tafadhali. Wengine wetu walipakiwa na Warusi kwenye mabehewa kwenda Siberia, wengine wakakimbilia Uswidi kwa mashua, na baba akachukuliwa mwaka 1948, wewe hata meno hujamaliza kuota. Kaburi lake hatukupewa. Tulipohesabiwa tena tulikuwa mia saba, na kitani kilikuwa kinaoza mashambani kwa kukosa mikono.

Sasa hawa uliotaka niwaache. Mwaka 1957 gari la kiwanda lilileta wasichana kumi na wawili kutoka upande wa Pskov, Urusi, mmoja wao Klava, miaka kumi na tisa, na sanduku la mbao lililofungwa kamba. Wakampanga mashine moja na mama yetu. Mwanzoni mama hakumsemesha, na ungekuwa mtu gani kumlaumu, mume wake alichukuliwa na watu wanaosema lugha hiyo. Lakini mashine za kitani zina vumbi, na mwaka wa pili mama alipokohoa damu, Klava ndiye aliyemfanyia zamu zake wiki tatu kimyakimya ili asifukuzwe. Baada ya hapo alikuwa akija kwetu kila Jumapili. Wewe ulikuwa unamwita shangazi, kumbuka, na ulikuwa ukimpekua mifuko ukitafuta peremende.

Nitakukumbusha na jambo la mwaka 1991, kwa kuwa najua umejitia kulisahau. Mama alikuwa ametimiza miaka sabini na mmoja, meza imejaa, viazi, samaki wa chumvi, keki ya mashina machachu ya rababu. Wewe ulikuwa umerudi kutoka kwenye mkutano wa uhuru wa nchi yetu na bendera begani. Klava akanyanyua kikombe akamtakia mama afya kwa Kiestonia chake kile cha kupindapinda. Ukacheka. Ukamwambia, mbele ya mama, "Wewe Klava, ushaanza kufunga mizigo? Sanduku, stesheni, Urusi!" Wenzako wawili wakagonga meza. Klava aliweka kikombe chini taratibu, akakuambia, "Endel, mwanangu, sanduku lenyewe lilishaliwa na panya," akachukua koti lake. Mama hakukusemesha siku nne, na mimi nilinyamaza. Hilo ni langu, nalibeba mwenyewe.

Halafu kiwanda kikafungwa, na mwaka 1993 ukafunga sanduku wewe, ukaenda stesheni wewe. Sikukulaumu kwa kuondoka, hapa hapakuwa na kazi. Ila nilikutazama dirishani mwa treni nikajiuliza kama unasikia sauti yako mwenyewe.

Mama alipopooza mwaka 2003 nilikuandikia. Ulituma mto maalumu wa mgongo, mzuri, wa bluu. Mimi peke yangu sikuweza kumnyanyua. Klava alivuka barabara kila asubuhi kwa miaka miwili, tukamgeuza mama pamoja, tukamwosha, na siku nyingine mama alikataa uji mpaka Klava akae kitandani ashike kijiko yeye. Ulikuja mazikoni siku mbili. Ulilia sana na sikatai kwamba ulilia kweli.

Sasa sikiliza hili la reki, maana hapo ndipo roho yangu ilipogeuka. Unajua watu wa hapa walivyo. Mchanga wa kaburi usipopigwa reki, mji mzima unajua kwamba marehemu hana watu. Mwaka 2008 nilipovunjika nyonga nililazwa hospitali ya Tartu miezi minne, na Siku ya Makaburi ikapita nikiwa kitandani, nalia kwa aibu kwamba mama yuko kwenye magugu siku ambayo wote waliotawanyika wanarudi na maua na macho yao. Nilipotoka nilikwenda na magongo yangu moja kwa moja. Endel, mchanga ulikuwa msafi, mistari imenyooka mpaka ukingoni, hakuna hata alama ya kiatu, kama inavyofanywa na mtu anayerudi kinyumenyume anayejali. Nikajua ni wewe. Nikajiambia mdogo wangu alikuja bila makelele. Jioni ile ile nikakuandikia kurasa mbili za shukrani, nikakuomba radhi kwa yote niliyowahi kukuwazia.

Ukanijibu. Barua ninayo hapa. Umeandika, "Si kitu, dada. Ni wajibu wa mtoto."

Lakini ile mistari ya mchangani ilikuwa na pengo. Kila baada ya meno kadhaa palikuwa na nafasi pana, kama reki imeng'oka jino. Sikulitilia maanani. Mwezi wa tisa nikampelekea Klava tufaha, na mbele ya ngazi zake nikaukuta uwanja wake umepigwa reki, wenye pengo lile lile, na reki yenyewe imeegemea ukuta. Nikamwuliza. Akanikaripia kwamba nimesimama kwenye mvua na magongo kama mtu asiye na akili, niingie ndani ninywe chai. Hilo ndilo jibu nililopata. Mtunza makaburi alinieleza baadaye kwamba alikuwa ameifanya kazi hiyo kila Jumamosi, miezi minne, akiwa na miaka sabini. Nawe ulipokea shukrani zake kwa uso mkavu, ukatia na neno la wajibu juu yake. Nimekaa na jambo hili miaka minne. Nilisubiri useme mwenyewe.

Klava alikufa tarehe kumi na tisa Machi, theluji bado iko. Hakuwa na mtoto, na mume alishamkimbia zamani. Elmar, mtunza makaburi, alikuja kuniambia kwamba halmashauri itamlaza kule nyuma karibu na uzio, wanakolazwa wasio na watu, kwenye nyasi, pasipo mchanga wala reki. Kisha akaniuliza, kwa kuwa eneo letu limeandikwa kwa jina langu, kama ile nafasi ya kando ya mama yetu ina mwenyewe.

Nikamwambia ndiyo, inaye. Nikamwambia ni ya Klava.

Basi ndivyo ilivyo, mdogo wangu. Kwenye nafasi yako ameshalala mtu. Padri wao wa Kiorthodoksi alitoka Tartu akaimba, tulikuwa watu saba, na msalaba wake wenye kijiti cha mshazari umesimama kwenye mchanga wetu wa Kilutheri, na mchungaji wetu hajalalamika. Najua mama alisema pale ni pako. Alisema kabla hajapooza. Baada ya hapo hakuweza kusema, lakini nilikuwepo, niliona mkono wa nani aliushika.

Wala usije ukawaambia watu kwamba dada yako ni mtakatifu. Sikufanya kwa wema peke yake. Elmar aliponiuliza, niliuona uso wako ule wa mezani, na roho yangu ikaburudika kwa namna ambayo bado inanitisha. Nilifurahi kukunyima. Nikiwa nimesimama pale kwenye theluji namzika mwanamke aliyetutendea mema, nusu ya moyo wangu ilikuwa inakulipiza wewe. Nimemwomba Klava radhi kwa hilo. Wewe bado sijaweza.

Imebaki nafasi moja tu, upande wa pili wa Klava, niliyojiwekea mimi. Nakuachia, kama unaweza kulala ubavuni pake. Mimi nitakwenda kule kwenye uzio, kwenye nyasi, nishazoea kukaa peke yangu. Usinijibu kwa simu. Niandikie, ili nisome polepole.

Hesabu yako nayo hii hapa, nisije nikaambiwa sikuimaliza. Nilipopita na karatasi za sensa mwezi wa pili, tulikuwa watu mia sita na kumi na wawili. Klava nilimwandika mwenyewe, mezani kwake. Penye swali la kabila alisema Mrusi, na penye mahali pa nyumbani akanitazama kama nimemtukana. Sasa tuko mia sita na kumi na mmoja. Katika historia nitakayokipa kijitabu cha mji ataingia kati ya watu wa Lauksoo, kwa jina lake lote. Wewe utaingia ukurasa wa wageni wa Siku ya Makaburi.

Nisalimie wote wanaoniulizia huko, na wifi Pirkko umwambie zile soksi za sufu ziko njiani, kijani moja, nyingine kijani kidogo. Kula vizuri, na goti usiliache lipigwe na baridi. Kama utakuja, fundi wa mawe mwache Turku. Reki ya Klava iko nyuma ya mlango wangu, ile yenye pengo. Shukrani za kazi hiyo ulishazipokea, Endel. Njoo sasa uifanye.

Ni mimi dada yako,
Helve