Alama Juu ya Kitufe

Jumatatu, 8 Machi 1999

Kitufe kinafanya kazi! Filsan, binti anayetuandikia programu za kompyuta, amekiandika mara moja tu, na michezo yote sita ya watoto inakitumia kilekile — wa herufi, wa hesabu, wa kisima, yote. Ukikibonyeza kinadidimia, ukikiachia kinarudi. Nilimwambia ndivyo tulivyofanya kwenye kiwanda cha chapa Mogadishu: herufi moja ya risasi, leo iko gazetini, kesho iko kwenye kadi ya arusi. Akacheka. Adeer, akasema, yaani ami kwa Kisomali, hizi zetu hazina uzito. Kweli. Nilipokimbia sikuweza kubeba hata moja.

Kazi yangu ni kuchora na kujaribu. Nabonyeza harakaharaka, nabonyeza pembeni, nabonyeza jenereta ikiyumba. Brauza inayofungua michezo haikuganda. Watoto hawajui kusoma bado, kwa hiyo kitufe cha kuendelea nimekichorea alama: ndoano, na mstari mfupi chini yake. Niliiona imechongwa ubavuni mwa chombo cha maziwa nilichonunua sokoni hapa Garissa. Umbo zuri. Lingefaa kuwa herufi.

Jumanne, 9 Machi

Balaa.

Mzee Keynan alikuja kumchukua mjukuu wake. Akasimama nyuma ya kiti cha mtoto, akatazama skrini. Akaomba kuona mchezo wa pili. Kisha wa tatu. Kote ndoano yangu. Hakupandisha sauti. Huyu huzungumza nami Kiswahili siku zote, ingawa anajua kwamba Kisomali nakijua vizuri — ndivyo anavyonikumbusha kwamba mimi ni mtu wa Barawa, wa pwani, si wa ngamia.

"Maalim," alisema, "kwa nini kila mtoto anafinya ngamia ya watu wa Salah?"

Aliponiona sielewi, akapitisha kidole shingoni mwake, taratibu, pale chuma cha moto kinapomgusa ngamia. Nikaelewa. Si pambo. Ni chapa ya ukoo wa Salah. Mimi nimekulia mjini, kati ya karatasi na wino. Filsan amekulia Nairobi. Wote wawili tuliitazama na hatukuiona.

Koo hizi mbili, wa Salah na wa Keynan, zilimwaga damu kisimani mwaka juzi. Chumba hiki cha kompyuta kilifunguliwa kwa sharti kwamba ndani yake hakuna alama ya yeyote. Na mimi nimeiweka ya upande mmoja chini ya kidole cha kila mtoto! Keynan atarudi Jumamosi na wazee wenzake. Wakiikuta, wanawatoa watoto wao. Wakiwatoa, kompyuta zinaondoka. Shirika lililozileta lilisema wazi, pande zote mbili au basi.

Jumatano, 10 Machi

Filsan anasema ni jambo rahisi. Picha ni faili moja. Ukibadilisha hiyo, michezo yote inabadilika. Nilikaribia kupumua.

Ndipo akaingia mzee Salah mwenyewe, uso unang'aa, mkononi tende. Amesikia alama yao iko ndani ya kompyuta. Alinishika mkono muda mrefu. Akasema kwa upole — upole huo ndio ulionitisha — kwamba kitu kisipowekwa hakuna neno, lakini kikishawekwa, kukiondoa ni tusi. Watoto wanakipenda, alisema. Nani ameumia?

Tende sijazigusa.

Alhamisi, 11 Machi

Soko la mifugo, asubuhi. Nilipita kati ya ngamia kama mtu anayesahihisha ukurasa. Natafuta umbo lisilo la mtu. Mstari mmoja: una wenyewe. Mviringo: una wenyewe. Mistari iliyokatana, nusu mwezi, vidoti — vyote vina wenyewe. Nikamuuliza dalali mmoja kama hakuna mnyama asiye na alama kabisa. Akanitazama toka kofia hadi kandambili.

"Mzee, hiyo tupu ni ya mwizi."

Wenzake walicheka mpaka ngamia wakageuka.

Mchana tulijaribu kitufe kitupu. Watoto hawakukigusa. Walikaa wakiitazama skrini kama ukuta.

Ijumaa, 12 Machi

Baada ya swala nilikaa kuchora, mkono ukachora samaki. Changu mdogo, kama wale mama aliowakaanga nyumbani Barawa, na ndimu juu. Jicho moja, mkia uliopinda kidogo. Watu wa ngamia hawamtaki samaki, hata harufu yake. Hakuna ukoo hapa, mpaka Habaswein, mpaka Griftu, unaomchoma mnyama wake chapa ya samaki!

Filsan akamweka mahali pa ndoano. Mashine ya kwanza, samaki. Ya dirishani — ndoano! Kumbe brauza ilikuwa imejiwekea picha ya zamani na kuendelea kuionyesha, kana kwamba hakuna kilichobadilika. Filsan akaifuta kumbukumbu yake. Tukafungua michezo mmojammoja, kila mashine. Samaki. Samaki. Samaki.

Watoto wanambonyeza hata pasipo haja.

Jumamosi, 13 Machi

Wazee wamekwenda kuswali adhuhuri. Nimebaki kulinda mashine, nitaswali wakirudi. Naandika haraka.

Walikuja wote. Watu wa Keynan wakakaa kulia, wa Salah kushoto. Salah hakunisalimu. Keynan alikaa mwenyewe kwenye kiti cha mtoto, magoti juu, akafungua mchezo mmoja hadi mwingine. Anabonyeza kwa uzito wa mkono mzima. Samaki akazama, akarudi. Salah akauliza ni nani aliyeamua kuiondoa yao. Nikasema mimi. Si Filsan, mimi.

Keynan akageuka na kiti chake.

"Na hii samaki, Maalim, ni ya nani?"

Nilikuwa na jibu tangu jana: si ya mtu. Badala ya kulisema, nikamtazama yule samaki. Nilimwona mama amesimama juu ya kikaango. Tangu nilipovuka mpaka, hakuna aliyewahi kuniuliza kipi ni changu.

Adhana ikaita. Keynan akainuka, akasema nitajibu wakirudi.

Nikisema si ya mtu, dalali amekwisha kunijibu: ni ya mwizi. Nikisema yangu, nimevunja sharti lilelile, na watoto wataondoka, wa kulia na wa kushoto.

Nasikia viatu vyao kwenye kokoto. Filsan anauliza kama azime skrini, ili waanze upya.

Nimemwambia aiache iwake, samaki wangu aonekane.