Kitu Kisicho na Haki ya Kubadilika

Jumanne, 6 Machi 1973

Bani la tatu msimu huu, yaani mjazo wa tatu wa banda la kukaushia tumbaku kwa moto. Siku ya pili. Digrii mia na tano za Farenhaiti. Kuni mbichi, moshi machoni. Nimesoma themomita mara mbili kabla ya kuandika, kawaida yangu. Shija, mwenzangu wa zamu, ananicheka. Anasema themomita siyo Biblia, haihitaji kurudiwa. Lakini namba niliyoiona mara moja siwezi kuiandika. Mkono unakataa.

Zamu yangu ni saa kumi alfajiri mpaka saa sita mchana. Kisha ugali, kisha nalala kwenye banda la kuni mpaka alasiri. Kisha kupasua kuni. Shija anashika mchana, jioni na usiku. Moto wa tumbaku haupumziki siku saba, na sisi hatupumziki. Kijiji kizima cha ujamaa kinategemea mabani haya.

Mgongo unauma. Kurasa za mbele za daftari hili ni za digrii. Za nyuma ni zangu.

Jumatano, 7 Machi

Barua kutoka Kasulu. Agripina mke wangu haandiki, kaandikiwa na mwalimu wa kisomo. Yasinta, binti yetu, anaamka akipiga mayowe kila usiku. Hasemi ameona nini. Ana miaka minane na sijawahi kumsikia akiunganisha maneno zaidi ya matatu. Mama mkwe amechoka naye. Mwezi wa nne ukianza atampeleka kwa mganga ng'ambo ya Malagarasi.

Namjua mganga yule kwa sifa. Wagonjwa wake hufungwa kamba kwenye nguzo. Yasinta hata kuguswa bega havumilii.

Nimemwomba ruhusa Mzee Mikidadi, msimamizi wa mabani. Amesema bani la mwisho la msimu likitoka salama, niende. Kabla ya hapo hapana. Hili linatoka Jumapili. Baada yake moja tu.

Sikula jioni.

Ijumaa, 9 Machi

Lazima niandike upesi kabla halijapotea!

Nililala mchana bandani. Nikaota niko kazini. Bani lilelile, moto uleule. Nikasoma themomita: mia na thelathini. Nikasoma mara ya pili: arobaini na mbili. Nikasoma tena: hakuna namba, kuna mchwa wanatembea ndani ya kioo.

Nikajua. Nikiwa usingizini nikajua. Nikasema moyoni: Gervasi, unaota. Mwili wako uko kwenye banda la kuni.

Sikuamka! Nilisimama palepale na kila kitu kikang'aa. Nikaona nyufa za udongo ukutani moja moja. Nikasikia harufu ya jani. Nikagusa mlango, ulikuwa mgumu na wa moto. Kisha nikacheka mpaka nikaamka.

Nina miaka thelathini na minne. Sikujua kichwa kina mlango wa namna hii.

Jumamosi, 10 Machi

Sikuota kitu. Nimekasirika siku nzima.

Jumapili, 11 Machi

Bani la tatu limetoka zuri. Na mchana imetokea tena! Themomita ilisema sitini, kisha mia tatu. Hakuna mia tatu kwenye themomita yetu. Nikajua papo hapo.

Safari hii sikucheka. Nilitoka nje nikaishika njia ya zamani, ile ya wapagazi wa misafara, yenye miembe. Watu wa hapa wanasema mababu zao walibeba meno ya tembo wakaimaliza kwa miguu, miezi na miezi. Mimi nilipiga hatua nne. Ya kwanza Tabora. Ya pili sikuitambua. Ya tatu Malagarasi, maji mekundu. Ya nne mlangoni kwangu. Yasinta alikuwa ameketi chini na magunzi yake. Alinitazama usoni.

Hapo niliamka. Yasinta hatazami mtu usoni. Mimi pia sitazami. Nilijua ni wa kutengenezwa na kichwa changu. Nililia kidogo, lakini nilikuwa na furaha. Vyote kwa pamoja.

Jumatatu, 12 Machi

Nimewauliza watu wote wa bani. Je, umewahi kujua kwamba unaota wakati unaota? Mzee Mikidadi kaniambia nisome dua kabla ya kulala. Wapasua kuni wawili hawakuelewa swali. Shija kaelewa, kisha kaanza.

"Wewe Muha, mimi nikiota nyama nakula. Siulizi kama ni ndoto. Nikiuliza itaondoka."

Bandani wote wamecheka. Hata mimi.

Kisha Kalunde. Ni mwanamke wa hapahapa, mchambuzi wa tumbaku. Anaketi peke yake pembeni ya banda la kuchambulia. Jani moja akiligusa anajua daraja lake, hakosei. Hamsalimii mtu kwanza. Siku za ngoma huenda porini mpaka ziishe. Watu wanasema ana lake jambo. Kwetu walisema hivyo juu yangu. Darasa la nne mwalimu alinichapa kwa kuwa simtazami machoni akifundisha. Nilikuwa nasikia kila neno. Niliacha shule mwaka ule.

Nilimuuliza bila kumtazama. Alijibu bila kunitazama.

"Kwani ninyi wengine hamjui?"

Miaka yote hiyo alidhani kila mtu anajua!

Jumanne, 13 Machi

Sijatulia. Nimeunguza chai. Nafikiri hivi: katika watu wote wa bani tunaojua ndoto ni wawili, mimi na Kalunde. Na wawili haohao ndio wanaoitwa wa ajabu. Wote tunarudia mambo. Wote tunaziba masikio. Labda kichwa cha namna hii kimejengwa hivyo. Kinachoudhi watu mchana ndicho kinachofungua mlango usingizini.

Na Yasinta ni wa tatu. Ana kila kitu changu, zaidi yangu. Magunzi saba, mstari mmoja, mpangilio uleule kila asubuhi. Ukiondoa moja analia mpaka lirudi. Kama mimi naweza, naye anaweza. Kinachomjia usiku anaweza kukijua kuwa ni ndoto. Anaweza kukiambia ondoka.

Hakuna haja ya kamba!

Nimemweleza Kalunde yote, haraka haraka. Akaendelea kuchambua. Kisha akasema kaka yake ana tabia zote hizi, pengine kumzidi yeye, na hajui ndoto hata moja. Akiamka hakumbuki kitu.

Kwa hiyo sina hakika. Nimeandika hapa ili nisijidanganye. Sina hakika. Lakini lazima nijaribu.

Jumapili, 18 Machi

Tumejaza bani la mwisho. Fito mia tatu zilizofungiwa majani. Moto umewashwa baada ya watu kutoka kanisani. Siku saba kuanzia sasa.

Wiki hii nimeota nikijua mara tatu. Jumatano nilizima jua nikaliwasha. Nalala kwa hamu kama mtoto anayengoja sikukuu. Nikiamka naona kuni, jasho na mgongo wangu. Afadhali kule.

Hilo si jambo zuri kuliandika. Ni kweli lakini.

Alhamisi, 22 Machi

Digrii mia na arobaini na tano. Jani limeshakuwa njano, sasa linakauka. Shija ana homa, nimeshika na zamu yake siku mbili. Nasoma themomita mara nne, mara tano. Natembea nikijiuliza: hii je? Na hii? Mchana unaanza kufanana na ndoto.

Ijumaa, 23 Machi

Nimeharibu. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Saa nne asubuhi, jua kali. Nilisoma themomita kupitia kidirisha: mia sitini na mbili. Nikasoma tena: mia sabini na moja. Nikatabasamu. Nikasema hii ni ndoto. Nikaweka chini fimbo ya kuchokolea moto, nikageukia njia ya magharibi, nikanyoosha mikono. Nikapiga hatua ya kwanza kwenda Kasulu. Haikunifikisha popote. Nikaona ajabu, nikajaribu tena.

Moshi ulikuwa unatoka juu ya bani. Niliuona. Niliona ni mzuri.

Haikuwa ndoto. Ufito ulikuwa umedondoka juu ya bomba la moto, majani yameshika moto. Digrii zilikuwa zinapanda kweli.

Kalunde ndiye aliyeniokoa. Hakupiga kelele, hawezi kelele. Alikuja akanimwagia ndoo ya maji kifuani. Akasema, "Gervasi, uko macho. Mimi siingii kwenye ndoto za watu."

Akili ikarudi. Nilivuta kuni zote nje ya tanuru, yeye akazimwagia maji. Niliingia ndani na gunia lililolowa kichwani. Nilivuta ufito uliowaka na wa pili wake. Nimeungua mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko. Fito mbili zimekuwa majivu. Mia mbili tisini na nane zimebaki.

Naandika kwa vidole viwili. Naona aibu kuliko maumivu.

Jumamosi, 24 Machi

Mzee Mikidadi aliitisha kikao mbele ya bani. Mchoma tumbaku akilala zamu anafukuzwa siku hiyohiyo, ndiyo kanuni ya kijiji. Na ruhusa yangu imekufa.

Niliulizwa. Nikasema ukweli, nilidhani naota. Ukweli ulisikika mbaya kuliko uongo.

Kalunde akasimama. Hajawahi kusimama kikaoni. Akazungumza akiitazama ardhi.

"Hakulala. Alikuwa amesimama, macho wazi. Nimeona."

"Basi ana wazimu," akasema Mzee Mikidadi.

Shija alikuwa amekaa na blanketi la homa. "Wazimu wake tunaujua tangu Desemba, mzee wangu. Na tangu Desemba tumbaku yake haijawahi kutoka nyeusi. Mimi mwenye akili timamu nimeunguza bani zima mwaka juzi, na bado mnanipa ugali."

Watu walicheka, na mzee akacheka mwisho kabisa, bila kupenda. Uamuzi: namaliza bani hili, nisikae peke yangu. Likitoka na jani la njano ya ndimu mbivu, nitakwenda. Likitoka jeusi, hakuna ruhusa. Kwa kuwa tulizima tanuru katikati, huenda jani limeshaharibika. Hakuna ajuaye mpaka mlango ufunguliwe.

Jumatatu, 26 Machi

Tumewasha moto upya, kwa hiyo siku zimeongezeka. Kalunde ameshinda nami kwenye zamu. Anachambua, mimi nachochea. Maneno machache sana. Nimepumzika moyo kuliko nikiwa na watu wanaozungumza.

Aliniambia kosa langu lilikuwa wapi. Yeye alilifanya akiwa msichana, aliingia mtoni akidhani anaota. Kosa langu ni kupima kwa themomita. Moto unapanda, moto unashuka, namba yake ina ruhusa ya kubadilika hata mchana. Akasema, "Tazama kitu kisicho na haki ya kubadilika." Yeye anahesabu vidole vya mguu wake wa kushoto. Ni vinne tangu utoto, kimoja kilikatwa na jembe. Akivihesabu vikawa vitano, anajua anaota.

Nilitia kuni, nikatia tena. Kisha niliruka juu! Kalunde akaziba masikio.

Magunzi! Magunzi saba ya Yasinta!

Jumatano, 28 Machi

Mlango umefunguliwa saa moja asubuhi.

Njano. Njano kama ndimu iliyoiva, kuanzia fito za chini mpaka juu. Majani machache tu yana doa. Kalunde alilishika la kwanza, akalinusa, akaliweka upande wa daraja la juu. La pili, hukohuko. La tatu. Mzee Mikidadi alikuwa anahesabu kwa midomo.

"Nenda kwenu, Gervasi," akasema. "Na usiote njiani."

Nimemuaga Kalunde. Sikumpa mkono, hapendi. Nimemwachia penseli yangu nzuri juu ya meza ya kuchambulia. Aliigeuza ilingane na ukingo wa meza.

Ijumaa, 30 Machi

Lori la Sikonge, kisha Tabora, kisha treni. Naandika ndani ya behewa. Watu, kuku, kelele. Nimehesabu vidole vyangu mara nyingi mno. Kumi. Niko macho na nakwenda nyumbani kweli. Furaha hii siwezi kuikalia kitako, nimesimama dirishani.

Jumanne, 3 Aprili

Nyumbani. Yasinta hakunikimbilia, aligusa bandeji zangu kwa kidole kimoja akarudi kwenye magunzi yake. Kwangu hiyo ni karamu.

Usiku mayowe. Ni ya kutisha kweli. Mama mkwe ameshafunga mzigo wa safari, uko mlangoni. Nimemwomba siku saba. Amesema, "Mwanangu, mtoto anaumia." Anampenda. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Jumatano, 4 Aprili

Nimekaa naye chini asubuhi, jioni, na kabla ya kulala. Simtazami. Nahesabu magunzi kwa sauti ndogo. Saba. Nahesabu tena. Saba. Nasema: kule kwenye kitu kibaya, hesabu magunzi. Yasipokuwa saba, ni uongo. Kiambie kiondoke. Kisha narudia vilevile, maneno yaleyale, kwa kuwa mimi na yeye tunapenda yaleyale.

Sijui kama anasikia. Mwalimu wangu naye hakujua.

Jumapili, 8 Aprili

Mayowe tena. Mara mbili. Agripina analia kimya. Zimebaki siku mbili.

Jumatatu, 9 Aprili

Vilevile. Saba. Saba.

Jumanne, 10 Aprili

Nimeamka kumekucha. Hakukuwa na mayowe. Niliogopa, nikaenda kumwona.

Yasinta alikuwa ameketi chini amepanga mstari wake. Nikakaa pembeni, nikatazama ukuta. Muda ukapita. Mama mkwe alikuwa amesimama na mzigo.

Yasinta akayagusa moja moja mpaka saba. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayetoa taarifa ya kazi:

"Yalikuwa tisa. Nikasema ondoka."

Maneno manne. Nimeyahesabu mara mbili.

Mama mkwe ameweka mzigo chini. Nje mvua inanyesha ndogo ndogo. Agripina anapika uji.