Nikinyamaza Kusali, Nyumba Nzima Inaungama

Mshauri wangu mpendwa, pokea salamu za upendo katika Bwana. Naomba unisaidie, na tafadhali usinicheke, maana najua wengine wanakuandikia habari za waume waliotoroka na viwanja vilivyodhulumiwa, mimi shida yangu ni kwamba nimenyamaza.

Ngoja nianze mwanzo usije ukapotea. Mimi ni mama wa makamo, kazi yangu ni kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli kwa dobi mmoja mkubwa, na kwa kuwa mashine zile zinanguruma kutwa, ukitaka kusikika lazima upaze sauti, basi nimezoea, hata mezani naomba kijiko kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Mtaani wananiita Redio, nami siwakatazi. Sala zangu nazo zilikuwa hivyo hivyo, Mungu namweleza yote tangu asubuhi, na jirani yetu husema yeye hana haja ya kuja kutujulia hali, anasubiri tu nianze kusali.

Sasa, alikuja sista mmoja parokiani kutufundisha sala ya kimya. Alisema sala hii si ya watawa peke yao, hata muuza mkaa anaiweza, hata mama mwenye nyumba ya watu wengi. Unaketi wima, unachagua neno moja takatifu, mimi nilichagua "Baba", unalishika polepole moyoni, mawazo yakija usigombane nayo, yaache yapite kama wapita njia, wewe rudi kwenye neno lako. Huombi kitu, humsimulii kitu, unakaa naye tu. Akaongeza kwamba wale wepesi wa kusinzia wasifumbe macho, watazame mahali pamoja ukutani. Mimi nimewahi kusinzia nimesimama na pasi mkononi, kwa hiyo macho nikayaacha wazi, na matatizo yakaanzia hapo.

Jioni ya kwanza nilikaa sebuleni nikatazama msumari mmoja ukutani usiokuwa na picha. Mshauri, sitakuficha, palipita kitambo kidogo ambacho sijawahi kukionja maishani mwangu. Kule kazini umeme ukikatika mashine zote hunyamaza kwa pamoja, na ndipo sisi tunagundua kwamba tulikuwa tunapiga kelele. Ilikuwa hivyo hasa. Nilitaka kulia.

Lakini chini ya ule msumari ndipo kilipo kiti cha mama mkwe wangu. Tunaishi naye tangu baba mkwe alipofariki, na tunapendana, ingawa ni kwa kukwaruzana. Alikuwa ameketi anafuma. Akainua macho akaniona mimi, Redio, nimekodoa kuelekea kichwani kwake na sisemi neno. Akatazama pembeni, akarudisha macho, akanikuta vile vile. Mwisho akaweka sindano zake chini.

"Mwanangu, kama ni lile pazia la jikoni, ni mimi niliyelikata. Nilitaka kitambaa cha kushikia sufuria."

Lile pazia tulisema ni panya. Tulinunua na mtego. Lakini sista alisema sala haikatizwi ovyo, basi sikujibu, nikarudi kwenye neno langu, naye mama mkwe kuona sijajibu akadhani bado anadaiwa.

"Na chumvi ninayo. Nimeifunga kwenye leso. Yule daktari aliyenikataza chumvi hali kwa mdomo wangu."

Mume wangu, ambaye ni dereva wa basi la shule, akaingia akatukuta hivyo. Akaganda mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi.

"Mama watoto, nani amekwambia?"

Mimi kimya. Baba, Baba, nasema moyoni.

"Ni yule kinyozi, sivyo? Haya. Ni kweli, sharubu nazipaka rangi ya viatu. Ila nywele za kichwani ni zangu."

Mshauri, miaka yote hii nimejisifu mbele ya mawifi zangu kwamba kaka yao hazeeki kwa sababu anatunzwa, na miaka yote hii nimezisugua foronya zake kwa ndimu na kwa dawa kali ya kazini nikitafuta doa jeusi linatoka wapi. Binti yangu wa mwisho alicheka akakaa sakafuni. "Mama akinyamaza," akasema, "hata paka anatubu."

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, basi kila nikiketi wanakaa wanausubiri huo mshindo, wakiona unachelewa wanaungama. Na hapa ndipo penye dhambi yangu, maana ilinoga. Nilianza kuketi hata nisipokuwa na hamu ya kusali, mgongo wima kama mtakatifu, neno takatifu liko moyoni lakini masikio yako kwa mama mkwe, na yule Baba niliyemwita nilikuwa namwambia kimoyomoyo asubiri kidogo tusikie hili la kuku wa jirani linaishaje.

Kisha juma lililopita nikiwa nafuta vumbi niliangusha kifuniko cha bakuli la sukari la mama mkwe, lile la kaure alilopewa siku ya harusi yake. Kikavunjika. Vipande nikavificha ndani ya mfuko wa wanga wa kunyooshea nguo, nikijiambia nitamweleza akishakula. Alipokula, mimi nikaketi kwenye sala yangu. Naye masikini alikuwa hana tena cha kuungama, alishamaliza yote. Akatazama kabati, akaona bakuli la sukari liko wazi, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ndogo ambayo si yake.

"Mwanangu, kile kifuniko, sikumbuki. Lakini nadhani ni mimi. Kichwa changu kimeanza kuniacha."

Nami nikanyamaza. Nililitafuta neno langu sikuliona.

Tangu siku ile akiweka kitu mahali anarudi kuhakikisha kama kipo, anajiuliza majina ya wajukuu wake kwa kunong'ona, na jana nimemkuta anapanga nguo kwenye begi. Nikamuuliza mama unakwenda wapi, akasema, "Jumamosi nakwenda kwa mdogo wake mumeo. Kule wanagombana kwa sauti. Mtu unajua umekosa nini."

Mshauri, naomba uniambie, niiache sala hii nirudi kupiga kelele kama zamani ili mama mkwe wangu abaki? Au kitu kizuri namna ile kimeharibikaje mikononi mwangu, na je, nikimweleza habari ya kifuniko atanitazama tena kama mwanawe?

Wako katika Kristo,
Redio Iliyozimwa

MSHAURI ANAJIBU

Redio dada yangu, umeniomba nisicheke nami nimeshindwa. Nimecheka mpaka kwenye sharubu. Nilipofika kwenye kifuniko nikaacha.

Tusidanganyane. Jioni ile ya kwanza ulimnyamazia Mungu. Zilizofuata uliwanyamazia watu, na hivyo ni vitu viwili, hata kama kiti ni kile kile na mgongo umenyooka vile vile. Ulipewa sala ukaigeuza kituo cha polisi. Na mbaya zaidi, umemwacha mama mzee aamini akili yake inamtoka, ilhali kilichotoka ni ujasiri wako.

Sala usiiache. Haijakukosea. Mtu hamfukuzi mpishi kwa sababu wageni wameiba vijiko. Ile ladha uliyoonja si ndoto, wala huhitaji kuwa mtawa ili uionje tena, ila hutaionja ukiwa unapeleleza. Kwani wewe chumba huna? Mlango hauna komeo? Kilichokuweka sebuleni ni nini, kama si watazamaji? Ukikosa nafasi ya chumbani, geuza kiti kielekee dirishani, misumari ipo kila ukuta. Kabla ya kuketi watangazie wote kwa ile ile sauti yako ya kwa dobi: "Nakwenda kusali, sina neno na mtu." Na mtu akikujia katikati ana jambo zito, inuka umsikilize. Sista wako hakusema umwache mtu anatetemeka mbele yako eti hujamaliza neno lako. Mungu anajua kusubiri kuliko mama mkwe.

Kama unataka kipimo, mimi ninacho kimoja tu. Usipime sala yako kwa utamu ulioupata kitini. Tazama watu wa nyumbani wanapokuona unainuka, kama wanavuta pumzi au wanazishusha. Kwako wamekuwa wakizishusha kama wanafunzi waliosikia kengele, sasa jihukumu mwenyewe.

Sharubu za mume wako ziache, nunua foronya nyeusi na mawifi usiwaambie. Ya chumvi si ya kuchekea, mpeleke mama kliniki mkaongee na daktari mkiwa wote wawili, bila kumnyang'anya leso mbele ya wajukuu.

Kuhusu kifuniko, usingoje Jumamosi. Usingoje hata jioni. Ukimaliza kusoma hapa, nenda kwenye ule mfuko wa wanga, toa vipande, vifute vizuri, umwekee mapajani. Sema, "Mama, ni mimi niliyevunja, kichwa chako ni kizima, mimi ndiye niliyekuwa mwoga." Sema mara moja, bila hadithi ya vumbi, na useme kwa sauti ambayo hata jirani atasikia, maana mama akionekana Jumamosi na begi, jirani naye ataamini kichwa kimemwacha.

Unaniuliza kama atakutazama tena kama mwanawe. Sijui. Ninachojua ni kwamba atakasirika, na ana haki. Atakutolea ya kifuniko, ya pazia, ya mtego wa panya, na mengine ya tangu siku ulipoolewa. Wewe vuta kiti, keti karibu yake, mtazame yeye usoni. Usijitetee, usimkatize, kaa kimya mpaka amalize. Kimya hicho kikikushinda, shika neno lako.